Bahari ya Mjomba

Alhamisi, njiani

Tumepita Segera, njia ya Moshi tumeiacha, basi limeshika ya Tanga. Muheza wachuuzi wamelivamia dirisha kwa dirisha na machungwa yao, nami nimenunua mfuko mzima, maana huingii nyumba ya watu Tanga mikono mitupu na umepita Muheza. Baada ya hapo ni mkonge, kushoto na kulia, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka kuifuata.

Naenda kwa ajili ya mjomba wangu, kaka yake mama. Alifariki mwaka jana. Siku ya mazishi, mzee aliyesimama kumzungumzia alisema, "Marehemu alikuwa baharia, amefanya kazi baharini maisha yake," kisha akapita kwenye watoto, wajukuu na madeni: mwenye kumdai ajitokeze kwa wanawe. Basi, imekwisha. Simlaumu yule mzee. Kati yetu sisi wapwa hakuna ambaye angeweza kuongeza neno la pili. Kila mmoja alijijazia mwenyewe. Binamu yangu mmoja mpaka leo anawasimulia wanawe kwamba babu yao alifika Ulaya kwa meli. Mwingine anaapa kuwa alikuwa kwenye manowari. Mjomba mwenyewe ukimuuliza alikuwa akijibu, "Kazi ya maji, mjomba," halafu anageuza mazungumzo: shule vipi, umeshika namba ngapi.

Ninachotaka ni kujua alifanya nini kwa mikono yake. Alisimama wapi, alishika nini, alimwitikia nani. Wenziwe wanapungua mwaka hadi mwaka, na waliobaki masikio yanazidi kuwa mazito.

Mkonge huu nao nautazama vingine leo, maana ndio uliomlisha yeye, na kwa njia yake ukatulisha na sisi. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta kutoka Florida mwaka 1893. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Katikati ya miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mzigo huo ilishuka kwa reli mpaka bandari ya Tanga. Vitabu vinaeleza mashamba, vinaeleza reli, kisha vinasema mkonge "ulisafirishwa nje". Hapo katikati, kati ya reli na meli, ndipo alipokuwa mjomba.

Tumeingia stendi ya Kange saa saba mchana. Upepo wa kusi, jua si kali. Nimechukua bodaboda.

Ijumaa, Ngamiani

Mkazamjomba yuko kwenye nyumba ileile, kwenye zile barabara za namba za Ngamiani, baraza ileile ya saruji nyekundu iliyopasuka pembeni. Nimemwamkia, akanishika mikono yote miwili na kuniuliza mama hajambo, na watoto, na kazi, na mbona nimekonda, vyote kwa mkupuo mmoja kabla sijajibu hata kimoja.

Baada ya swala ya Ijumaa tumekula bada kwa mchuzi wa papa. Bada ya Tanga haipikwi mahali pengine ikawa hiyo; nimejaribiwa kwa bada za Dar na sijasadiki. Mjukuu wake mkubwa ametoa vyombo, na ndipo mkazamjomba akaniambia twende chumbani, kasha liko chini ya kitanda.

Kasha ni la mti, pembe zake zimepigwa bati. Ndani kuna kanzu mbili zilizokunjwa, miwani, tochi ya chuma isiyo na betri, na kadi mbili za kazi zilizofungwa pamoja kwa mpira. Ya kwanza ni ya Shirika la Bandari la Afrika Mashariki, lile lililoundwa mwaka 1969 reli na bandari zilipotenganishwa. Ya pili ni ya mamlaka ya bandari iliyoanzishwa hapa nchini mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Picha ni za mtu mmoja, miaka michache imepita kati ya ya kwanza na ya pili, masharubu yameongezeka. Penye kazi pamepigwa taipu maneno ya Kiingereza ambayo maana yake ni mtu wa tishari, chombo cha kuvusha mizigo kati ya gati na meli.

Mtu wa tishari. Ulaya hakwenda, wala manowari hakupanda. Nimekaa nayo ile kadi mkononi kwa muda.

Chini kabisa ya kasha, kwenye kitambaa, kuna chuma cha urefu wa shibiri. Upande mmoja kinene, upande wa pili kimechongoka, na chote kimelainika kwa kushikwa mpaka kinang'aa. Nimeuliza ni cha nini. Mkazamjomba amesema hajui cha nini, ila yeye miaka yote hukitumia kutobolea madafu, na marehemu hakuwahi kumkataza.

Tumerudi barazani na ameniambia jambo ambalo naliandika kama alivyolisema:

"Mjomba wako alikuwa halali usiku mzima, mwanangu. Kazi ameacha, mvi zimemjaa, bado anaamka. Na si saa moja kila siku, ningeelewa. Leo saa saba. Kesho saa nane kasorobo. Kesho kutwa saa nane na nusu imepita. Anafungua mlango wa uani, anasimama kidogo, anarudi kulala. Ukimuuliza, anasema amezoea."

Majirani walisema ana majini. Shangazi mmoja akampeleka kwa mwalimu, akasomewa, akaandikiwa kombe, aya zinazooshwa kwa maji zikanywewa. Mjomba alikubali kusomewa, akanywa kombe lake lote, akashukuru, na usiku uleule akaamka. Ilikuwa hivyo mpaka wiki aliyopelekwa hospitali. Mkazamjomba anasema kwa miaka alilala sikio moja limefunguka, akiogopa kwamba mumewe ana jambo linalomsumbua na hataki kumshirikisha.

Nimemwomba anirudie zile saa, nikaziandika kwenye daftari.

Jumamosi, Bustani ya Jamhuri na bandarini

Mkazamjomba alinitafutia mtu kupitia wazee wa msikitini: mzee aliyefanya kazi na marehemu kwenye matishari. Tumeahidiana kukutana Bustani ya Jamhuri saa mbili asubuhi, pale juu ya ukingo ambapo ghuba yote iko mbele yako. Nimefika mapema. Katikati ya maji kiko Kisiwa cha Toten, miti mitupu ukikitazama kwa mbali. Ng'ambo ni Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, kilometa 1,443. Kulia Ras Kazone, na nje yake Ulenge na mnara wake wa taa. Chini yangu bandari, na meli imelala ubavu kwa ubavu na gati, kreni zinachukua makontena.

Mzee amekuja kwa baiskeli, kama Tanga ilivyo, kofia imekaa sawasawa kichwani. Nimempa shikamoo. Ameitikia, akanitazama.

"Wewe ndiye mpwa. Paji la uso ni lake."

Nimeanza kumweleza nilichojia, hakunisubiri nimalize. Amenyoosha mkono kuelekea gatini. "Hiyo meli unavyoiona pale, zamani haikuwako."

Gati la Tanga lilikuwa na kina cha kama mita 3. Meli ya kutoka nje ingekaa matopeni. Kwa hiyo ilitia nanga mbali, kiasi cha kilometa 1.7 kutoka gatini, na kila kilichoingia au kutoka kilivuka maji hayo juu ya tishari: bapa, pana, la chuma, lisilo na injini, linalovutwa na tagi, ile boti ya kuvutia vyombo. Mkonge ulipakiwa kwenye tishari hapa, ukavutwa mpaka kwenye meli, ukanyanyuliwa kwa winchi za meli yenyewe. Mzigo ule ule ukishikwa mara mbili, siku nyingi zikipotea, na wenye meli wakilipishwa muda wa kungoja. Ndiyo maana shehena nyingi zilikimbilia Mombasa na Dar. Juzi juzi hapa Serikali imetumia shilingi bilioni 429.1: kina kimechimbwa mpaka mita 13, gati la urefu wa mita 450 limejengwa upya, meli inakuja yenyewe.

"Kabla ya hili," mzee amesema, "gati tulikuwa sisi."

Kisha amenisimamisha pale pale bustanini, mbele ya watu wanaokunywa kahawa, kunionyesha kazi. Robota la mkonge, furushi lililobanwa na kufungwa, lina kilo 250. Kadhaa yanafungwa pamoja kwa kamba, ndoano ya winchi inashuka kutoka juu ya meli, watu wa kwenye tishari wanaitia. Sasa yule anayeendesha winchi yuko juu sitahani, haoni ndani ya tishari. Anachoona ni mkono wa mtu mmoja anayesimama mahali pa wazi. Huyo mtu alikuwa mjomba wangu.

"Watu wageni hutazama robota," mzee amesema. "Mjomba wako alikuwa anatazama maji."

Ghuba ya Tanga imekingwa, lakini wakati wa kusi, mchana upepo ukichacha, tishari hupanda na kushuka. Ukimwita winchi anyanyue tishari likiwa limeshuka, wimbi linalofuata linalipandisha, sakafu inalifuata robota na kuligonga kwa chini, robota linaanza kubembea, na likishabembea linatafuta mtu. Inatakiwa ungoje. Tishari linapanda, linapanda, na linapofika juu kabisa ndipo unampa mkono. Hapo maji yenyewe yanaliondoa tishari chini ya mzigo, mzigo unapaa umetulia. Mzee alinionyesha: kiganja kimefunguka, kidole kinazunguka juu, nyanyua. Kiganja kinatazama chini, teremsha. Ngumi imefungwa juu ya bega, simama, kila kitu kisimame.

Ile ngumi naijua. Sisi watoto tukipiga kelele uani, mjomba alikuwa akiinyanyua vilevile, juu ya bega, bila neno, nasi tunanyamaza. Tuliichukulia kuwa ni ukali. Nimemwambia mzee, akacheka sana mpaka akakaa.

Nilimuuliza kama mjomba aliwahi kuumiza mtu. Akasema katika genge lao, miaka yote aliyokuwa anatoa mkono yeye, hakuna aliyevunjwa mfupa chini ya ndoano. Amelisema hilo taratibu, akanihakikishia, kisha akalirudia.

Halafu nimetoa kile chuma cha kwenye kasha. Ameking'ang'ania! Amekwenda kwenye baiskeli yake, akafungua kamba ya kufungia mizigo nyuma, akaketi. Amezifumua nyuzi tatu za ncha ya kamba, akaikunja kamba kufanya kitanzi, kisha akakipenyeza kile chuma katikati ya nyuzi kuzitanua, akapitisha uzi wa kwanza, akavuta, akageuza, uzi wa pili, wa tatu, duru baada ya duru. Vidole vyake vina ugonjwa wa viungo, vimepinda, lakini havikukosea hata mara moja. Kitanzi kimetoka hakina fundo, unene ni ule ule karibu kama kamba yenyewe. Fundo hudhoofisha kamba, amenieleza, na haliwezi kupita kwenye kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba. Mjomba alikuwa anaunga kamba za tishari zima, na wenzake wakimletea zao.

Nilikuwa nimelihifadhi swali la usiku mwisho. Nilimuuliza tu: usiku je, tishari lilikuwa linalindwa?

"Linalindwa kwa wezi, ndiyo. Lakini zaidi kwa maji."

Tishari lenye mzigo limefungwa gatini. Wakati wa bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya hapa hushuka zaidi ya mita tatu kwa muda wa saa sita. Kamba uliyoikaza maji yakiwa yamejaa, yakitoka tishari linaning'inia juu yake. Ama kamba ikatike, ama tishari lilale ubavu na mzigo uende baharini. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kulegeza kamba kidogo kidogo maji yanavyotoka, na kuzivuta tena yanavyorudi. Wengi waliikimbia zamu hiyo. Mjomba aliichukua, akaikalia kwa miaka, kwa sababu ilikuwa na posho na watoto walikuwa shule. Hakuhitaji saa ya mkononi. Alikuwa analala juu ya marobota na kuamka maji yanapoanza kutoka.

"Saa ngapi?"

"Inategemea mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hapa kwetu maji yanajaa kama saa kumi, ya alfajiri na ya jioni. Kisha kila siku yanachelewa, kama dakika hamsini hivi."

Nimefungua daftari nikamsomea zile saa za mkazamjomba. Saa saba. Saa nane kasorobo. Saa nane na nusu imepita. Mzee amehesabu kwa kidole gumba juu ya vifundo vya vidole, akaniambia hizo ni siku ya kumi na moja, ya kumi na mbili na ya kumi na tatu tangu mwezi kuandama, bamvua linakaribia, na kwamba mtu huyo anaamka kulegeza kamba.

Nimeshuka naye mpaka karibu na lango la bandari. Ameniambia jinsi kazi ilivyokufa: kamba za plastiki zilipouteka ulimwengu mkonge ukashuka, na kufikia miaka ya 1990 nchi ilikuwa inatoa kama tani 20,000 tu. Matishari yakawa yanafungwa matupu, chuma kikila kutu. Mjomba alistaafu wakati huo. Meli ya leo gatini imepakia kwa muda mfupi kuliko ule waliotumia wao kuvuta matishari kwa tagi kwenda na kurudi, na mzee anaifurahia bandari mpya kwa moyo mweupe, ana wajukuu wawili wanaofanya kazi humo. Nami naifurahia. Lakini nimesoma habari nyingi za ujenzi ule, mita na mabilioni, na sijaona palipotajwa hata mmoja kati ya watu walioibeba bandari hii mabegani kwa karibu karne nzima wakati haikuwa na kina. Hilo linaniuma na sitalificha.

Jumapili, Tongoni na Kigombe

Daladala ya njia ya Pangani. Nimeshuka Tongoni kwanza, kama kilometa 20 kusini mwa mji, kwa sababu mjomba alikuwa akipataja kila akipita. Magofu yapo karibu na maji: kuta za msikiti na makaburi ya nguzo, mengi yameanguka, machache bado yamesimama. Mlinzi amenizungusha. Miamba iliyo nje hapo ndiyo iliyoikamata São Rafael, mojawapo ya meli za Vasco da Gama, mwaka 1498. Maji yalipojaa iliondoka, na inasemwa kwenye kumbukumbu za msafara wao kwamba wenyeji waliwaendea kwa vyombo wakiwa na machungwa. Mwaka uliofuata, wakirejea kutoka India, waliitia moto meli hiyohiyo huku huku. Haikuwa mbovu. Mabaharia walikuwa wamekufa kwa kiseyeye mpaka waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu.

Nimesimama pale nikafikiri kwamba jina la meli limebaki, jina la mkuu wa msafara limebaki, na wale waliokuwa wakivuta kamba, ambao bila wao meli nzima iligeuka kuwa kuni, majina yao mengi hayapo. Mlinzi alinisikiliza kwa adabu. Ana kazi ya kulinda nguzo zisianguke na hiyo inamtosha.

Kigombe ndiko alikozaliwa mjomba, na ndiko alikozikwa. Siku hizi kijiji kinatajwa kwa ajili ya silikanti, yule samaki wa zama za kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka, na wavuvi wa upande huu wakaanza kumtoa kwenye majarife miaka ya 2000. Hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2009 imechukua jina lake.

Nilimpata rika la mjomba, mzee asiyeona vizuri tena, ameketi chini ya mkungu karibu na mashua zilizopandishwa pwani. Walianza pamoja, vijana wadogo, kwenye jahazi lililokuwa likipeleka boriti na nazi Pemba na Unguja na kurudi na chochote kilichopatikana. Kazi ya kwanza ya mjomba ilikuwa kufua maji. Usiku kucha yuko chini ngamani, tumboni mwa jahazi, na upo wa kuchotea mkononi, anachota, anampa mwenzake juu, anamwaga, kwa sababu jahazi lilikuwa kuukuu na kalafati yake ilikuwa imechoka. Mjomba alitapika safari zote za mwanzo, lakini upo hakuuachia.

"Nahodha wetu alikuwa akimwambia, kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani," mzee amesema. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele. "Yeye akajibu, mimi hata hiyo tezi sijaiona bado." Amelicheka jibu hilo la miaka zaidi ya sitini kama limetolewa asubuhi ya leo.

Baadaye alipanda. Alijifunza kukwea foromali, ule mti wa tanga, kushika demani, kamba ya tanga, kubisha upepo ukiwa wa mbele. Kisha akaoa, mkewe akashika mimba, na kaskazi moja vyombo viwili vya jirani havikurudi. Baba yake akamwambia atafute kazi ambayo jioni atarudi nyumbani. Akaenda bandarini Tanga. Ndipo nilipoelewa kwamba tishari kwake lilikuwa chaguo, la mtu aliyeijua bahari pana na akaiacha kwa ajili ya waliokuwa wakimngoja. Kilometa moja na nusu na kidogo, kwenda na kurudi, zaidi ya miaka ishirini. Hiyo ndiyo bahari yake.

Tumekwenda kaburini na mjukuu wa yule mzee akituongoza. Kaburi limesafishwa vizuri. Tumesoma Fatiha na Yasini. Upepo ulikuwa mkali, ukurasa wa msahafu nikaushikilia kwa kidole.

Jumatatu

Mvua tangu asubuhi. Nimekaa kunakili nilichoandika haraka haraka. Jioni imeanuka, nikaenda na mjukuu wa mkazamjomba mpaka Sahare kutazama vyombo vinavyoingia. Ana miaka kumi na tano. Ameniuliza maswali mengi kuhusu winchi, na nusu yake sikuwa na majibu. Nimempigia yule mzee wa tishari simu, wakaongea wao kwa wao mpaka salio likaisha.

Jumanne, Ngamiani

Leo nimemwambia mkazamjomba. Nimesubiri watoto waende shule, nikaketi naye barazani anachambua mchele. Nimeanza na kina cha gati, kisha tishari, kisha kamba, kisha maji yanavyochelewa kila siku. Nimemsomea saa zake mwenyewe, nikamwonyesha kwenye kalenda ya mwezi siku ambazo mumewe angeamka saa saba, na ambazo angeamka saa kumi karibu na adhana. Amenifuata kimya, akiniomba nirudie pale panapohusu kamba.

"Kwa hiyo hakuwa na kitu kinachomsumbua."

"Hakuwa nacho. Ni kazi ilikuwa imekaa mwilini."

"Na lile kombe?"

Nimemwambia kombe ni Qur'ani, halina madhara. Hapo amekasirika kidogo, nami nimefurahi kumwona amekasirika, kwa sababu ni hasira ya mke kwa mume aliye hai. Miaka yote hiyo! Kwa nini hakumwambia? Kitu gani kilimfunga mdomo? Angejua angekuwa anamwachia chai kwenye chupa, na kipande cha mkate wa kumimina, mtu asimame uani na kitu mkononi. Ameyasema haya huku mchele unachambuliwa kwa kasi na mawe yanaruka.

Kisha amenipa kazi. Hitima ya mwaka ni mwezi ujao. Yule mzee wa bandarini aletwe, na yule wa Kigombe akodishiwe gari kwa kuwa haoni, na wote wawili waketishwe mbele na waseme wenyewe, watoto wasikie. Binamu yangu mwenye habari za Ulaya nimpigie simu mimi, leo, asije akaongea mambo yake siku hiyo. Nimempigia kutoka Kange nikingoja basi. Alinyamaza kidogo, akaniuliza tishari ni kubwa kiasi gani, nikamweleza, akaniuliza tena.

Kile chuma kimebaki na mjukuu. Mzee wa tishari amekubali kumfundisha kuunga kamba kila Jumamosi, pale pale bustanini. Mkazamjomba amesema madafu atatobolea kisu.